Yai Ndani ya Siki

Jikoni kwangu, Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
tangu Ijumaa hakupikiki.
Amehamia Mwanasiti na daftari lake la mistari,
na Hiza wa nyumba ya pili,
na ndoo yangu ya kufulia katikati ya mlango.

Walianza na machungwa ya Muheza.
Moja na ganda lake: likaelea, limetulia
kama bi harusi kitini.
La pili wakalimenya, wakalitia.
Chubwi! Likaenda chini moja kwa moja.
"Lakini limepungua uzito," nikasema, "si lingeelea zaidi?"
Mwanasiti akapasua ganda kwa ukucha,
akanionyesha ile nyama yake nyeupe, laini kama sifongo:
"Hapa, mama. Hapa ndipo lilipobana pumzi."
Kisha wakala ushahidi wote
na mbegu wakazitemea uani.

Vijiko vitatu katika chai ya moto,
cha chuma, cha mti, cha plastiki,
kila mpini na tone la siagi na choroko moja juu yake.
Ya chuma iliteleza kwanza.
Ya mti haikutikisika hata chai ilipopoa.
Nami miaka kumi na minane nakoroga uji kwa mwiko,
sijawahi kujiuliza mbona siungui.

Jumamosi ikawa zamu ya katani.
Baba Mwanasiti alikuwa kiwanda cha kamba
mpaka mashine zilipofungwa;
sandukuni mwake lipo fundo la nyuzi,
rangi ya ndevu za mahindi.
Nikawaambia, hilo msiguse.
Akalitoa mwenyewe.
Akachomoa unyuzi mmoja, mmoja tu,
akaufunga kwenye msumari wa mlango,
watoto wakaning'iniza chumvi, robo kilo.
Haukukatika.
Nusu kilo.
Haukukatika.
Wakaongeza kiberiti, funguo, kufuli bovu,
naye kimya, anautazama
kama mtu aliyemkuta mwenzake wa zamani
bado yuko kazini.
Ulipokatika, kwa kufuli la pili,
alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Rajabu.

Lakini mimi kisa changu ni yai.
Walilitia gilasini ile Ijumaa,
wakalimwagia siki yangu ya kachumbari, chupa nzima,
likaanza kutoa mapovu, linanong'ona peke yake.
Na karatasi imebandikwa, herufi kubwa:
MSIGUSE MPAKA JUMAPILI MCHANA.

Jumapili niliamka kabla ya adhana, nikande maandazi.
Nikawasha tochi ya simu.
Ganda halipo.
Yai uchi, nene kuliko nililolinunua,
na kiini ndani yake kama taa nyuma ya pazia.
Nikalishika. Baridi, laini,
shavu la mtoto aliyetoka kuoga.
Nani ananiona?
Nikaliachia juu ya sinia, vidole vinne tu.
Likadunda.
Mtu mzima mimi, nimeuma pindo la kanga nisicheke,
nikarudia.
Likadunda.
Nikasema moyoni, basi shubiri.

Sinia likajaa.

Kulipokucha nikakiri. Nilitegemea machozi.
Mwanasiti alichukua penseli, akanihoji kama polisi:
"Vidole vinne, lilidunda mara ngapi?"
"Mbili."
"Shubiri?"
"Lilipasuka."
"Shubiri yako au yangu?"
Tukapima viganja, changu juu ya chake.
Akaandika, akapiga mstari kwa rula,
na juu ya ukurasa, penye neno *Mtafiti*,
akafuta jina la Hiza
akaweka langu,
si Mama Mwanasiti, waniitavyo mtaa mzima,
bali lile lililobaki kwenye cheti na kadi ya kliniki:
Mwanaisha binti Kombo.

Maandazi yalichelewa, wateja wakalalama.
Hiza amenuna mpaka sasa.
Nimemwahidi yai.